Habari za Kabichi na Ndugu Zake

Mtu akisafiri kwa njia kuu itokayo Iringa kwenda Morogoro, akiisha kushuka milimani na kufika Mikumi, ataona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawaliangalii tena. Malori hupita mchana na usiku, yamejaa kabichi zilizopangwa kama mawe ya msingi wa nyumba, yakienda Dar es Salaam. Mengine husimama hapo ili dereva na utingo wake wanywe chai, na akina mama wauzao mboga kandokando ya barabara huyatazama kwa jicho la mtu amwonaye mshindani wake. Maana wao nao wanazo kabichi, ndogo kidogo, walizozilima mabondeni wakati wa kipupwe. Lori moja likishusha mzigo wake hapo, bei yao huanguka siku ile ile.

Mmoja wa akina mama hao alikuwa na mtoto katika shule tuliyokuwa tukifundisha. Ni mjane, na daftari za mtoto wake zilitoka katika kabichi. Siku moja alitujia baada ya masomo, ameshika pakiti tupu ya mbegu, akasema: "Mwalimu, huu ni mwaka wa tano nalima kabichi. Mahindi nalima, naona mbegu yake. Maharage vivyo hivyo. Mchicha hujipanda wenyewe hata nikiukataa. Lakini kabichi sijaona mbegu yake hata punje moja. Kila mwaka narudi dukani, na kila mwaka bei imepanda. Niambie kweli, hawa wenye maduka wameihasi kama fahali?"

Hatukuwa na jibu. Tukamwomba atupe muda, kisha tukafanya mambo mawili. Kwanza, katika bustani ya shule tuliacha kabichi 10 bila kuzivuna, tuone mwisho wake. Pili, tukaanza kutafuta habari za mboga hii katika vitabu na kwa wataalamu wa kilimo, imetoka wapi na jamaa zake ni akina nani. Hayo tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea leo, kwa kuwa twaamini swali la mama huyu ni swali la nyumba nyingi za Kilosa na Mikumi.

Basi tuanze na ukoo. Mmea, kama mtu, hujulikana kwa jamaa zake, na alama ya jamaa za kabichi iko katika ua. Ukilitazama ua la figiri, au la haradali, au la figili yenye mzizi mwekundu, utaona petali 4 zimekaa mbili mbili kuelekeana, mfano wa msalaba. Kwa sababu hiyo wataalamu wa zamani wa Ulaya waliuita ukoo huu wote kwa neno la Kilatini lenye maana ya "wachukua msalaba". Alama ya pili ni ukali. Tafuna jani bichi la figiri, nalo litakuchoma ulimi na kupanda puani. Ukali huo ni silaha ya mmea. Ndani ya jani mna vitu viwili vilivyotengwa mbali mbali, na mdudu au mtu akilitafuna, vitu hivyo hukutana na kufanya uchungu. Wadudu wengi huukimbia. Walakini wako waliouzoea, na yule nondo mdogo ambaye mabuu yake hutoboa kabichi zetu mpaka zikawa kama chujio hufuata harufu hiyo hiyo, kama mgeni afuatavyo harufu ya pilau.

Jina la haradali tumelijua sote tangu utotoni, kwa mfano wa ile punje ndogo katika Injili. Wengi wa wataalamu hudhani ya kuwa mmea uliokusudiwa ni haradali nyeusi, ambayo punje yake ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, nayo hukua hata kumpita mtu kimo. Msomaji ashike jina hilo, kwa maana tutalirudia.

Sasa kabichi yenyewe. Hapo kale haikuwa na kichwa. Mama yake ni mmea wa mwituni wa pwani za Ulaya, wenye majani manene ya rangi ya kijivu, uvumiliao chumvi na upepo. Uchunguzi wa miaka ya karibuni, uliotangazwa mwaka 2021, waonyesha ya kuwa huenda watu walianza kuulima upande wa mashariki wa bahari ya Mediterania, nchi za Wayunani na visiwa vyao. Warumi waliupenda sana. Mzee mmoja wa Rumi, jina lake Cato, katika karne ya 2 kabla ya Kristo aliandika kitabu cha ukulima, na ndani yake akaisifu kabichi kuwa yazipita mboga zote, akaifanya na dawa pia.

Tangu hapo kazi ilikuwa ya mikono ya wakulima, vizazi kwa vizazi. Mmoja alipenda majani, akawa anahifadhi mbegu za mche wenye majani mengi. Wajukuu zake wakapata mboga tuiitayo sukuma wiki. Mwingine alipenda mche ambao majani yake ya juu yalijifunga pamoja, na hata kufika zama za kati huko Ulaya kichwa cha kabichi kilikuwa kimekamilika. Wa tatu alichagua bua lililovimba, ikawa kolirabi. Wa nne alichagua ua lililonenepa kabla ya kuchanua, zikawa koliflawa na brokoli. Huko Ubelgiji walichagua vichipukizi vya ubavuni, wakapata mmea wenye vikabichi vidogo vingi vilivyopangana kwenye bua. Msomaji akiziona zote mezani atasema ni mboga 6 zisizojuana. Hasha! Ni mmea mmoja. Ukizipanda jirani zikachanua pamoja, nyuki watazioza hizi kwa hizi, nazo zitazaa.

Jambo hilo Charles Darwin wa Uingereza alilijaribu. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 aeleza ya kuwa alipanda mbegu zilizotoka katika kabichi za namna mbalimbali zilizochanua karibu karibu. Ilipoota miche 233, ni 78 tu iliyofanana na mama zake. Mingine yote ilikuwa machotara. Maana kabichi, kwa tabia yake, hukataa chavua ya ua lake yenyewe, hutaka ya jirani. Tukumbuke neno hili, kwa kuwa ni sehemu ya jibu la mama yetu wa Mikumi.

Kabichi ilifikaje huku? Njia ya kale ya misafara ilipita papa hapa petu. Burton na Speke mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walivuka mbuga ya Mkata, wakalifuata bonde la Mkondoa na kupanda mpaka bara. Mizigo ya vichwani mwa wapagazi ilikuwa nguo, shanga na waya za shaba, na mboga waliyokula njiani ilikuwa ya wenyeji. Wenyeji walikuwa nayo tele: mlenda, mchicha, mgagani, mnafu, majani ya kunde na ya maboga. Nchi haikuwa na njaa ya mboga hata ikamhitaji mgeni.

Wazungu waliokuja kukaa ndio walioitamani mboga ya kwao. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu mwaka 1868, na bustani yao kubwa ilisifiwa na wasafiri wengi. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa na Mamboya katika miaka ya 1870 na 1880. Mwaka 1885 Kaisari wa Ujerumani aliitia Usagara chini ya ulinzi wake, na baadaye Kilosa ikawa boma. Mwaka 1896 serikali ya Kijerumani ilianzisha shamba la majaribio huko Kwai, katika Usambara ya Magharibi, ambako nafaka na mboga za Ulaya zilijaribiwa katika baridi ya milima. Reli nayo ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kumalizika Kigoma mwaka 1914. Hapo ndipo mboga iliyolimwa mbali ilipoweza kuliwa mjini kabla haijanyauka.

Polepole mboga ya Mzungu ikawa mboga ya watu wote. Milima iliipokea vizuri. Leo Lushoto, na Mgeta katika Uluguru, na nyanda za juu za Iringa, zinajulikana kwa kabichi zao. Kilosa ni habari nyingine. Mji wa Kilosa uko chini, kama mita 500 juu ya bahari, na Mikumi haupiti sana kimo hicho. Jua lake ni la mkonge na pamba, mazao yaliyoijaza nchi hii mashamba makubwa. Walakini mtu akiinua macho kutoka stesheni ataiona milima ya Ukaguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,200. Hivyo katika wilaya moja mna nchi mbili: bonde la joto na mlima wa baridi. Katika tofauti hiyo ya joto na baridi limo jibu la mama.

Turudi sasa kwenye kabichi zetu 10 za shule. Watoto walizitazama kila asubuhi kama watazamavyo kuku aliyeatamia. Mwezi wa kwanza vichwa vilikaza. Mwezi wa pili vilipasuka. Mwezi wa tatu vitano vikaoza, na vile vingine vikatoa majani mapya ubavuni, madogo, yasiyo na haja ya kuchanua. Ua hatukuliona hata moja. Mtoto mmoja akasema: "Mwalimu, zimesahau." Tulicheka, lakini alikuwa karibu na kweli. Hazikusahau, zilikuwa zikingoja kitu ambacho Kilosa hakipo.

Kitu hicho ni baridi. Kabichi ni mmea wa miaka miwili. Huko kwao, mwaka wa kwanza hufanya kichwa na kujiwekea akiba. Kisha huja majira ya baridi kali, na baridi hiyo, ikidumu majuma 6 au zaidi, yenye kushuka chini ya nyuzi 10, huuambia mche: wakati umetimia. Majira ya joto yakirudi, kichwa hupasuka, bua hupanda, maua ya manjano huchanua, na mbegu hupatikana. Mche usioonja baridi hiyo haujui kamwe ya kuwa mwaka umegeuka. Husubiri mpaka kufa. Basi hakuna aliyeihasi kabichi ya mama yetu. Ni mgeni aliyekuja na saa ya kwao, na saa hiyo haisomeki katika bonde la Mkondoa.

Jibu hilo ni la kweli, lakini si zima. Liko kufuli la pili, nalo limewekwa na watu. Zamani mbegu nyingi za kabichi zilikuwa za namna ambayo, zikizaliwa mahali pa baridi, mtoto hufanana na mzazi. Siku hizi pakiti nyingi huandikwa F1. Maana yake ni kizazi cha kwanza cha machotara. Wafanyao mbegu huchagua namna mbili zilizotulia kwa muda mrefu, huzioza makusudi, na watoto wa ndoa hiyo huwa na nguvu, hulingana kimo, hukomaa pamoja. Mkulima hupata faida, hilo hatulikatai. Walakini ukipanda mbegu iliyozaliwa na hao watoto, wajukuu hutawanyika: mmoja amefuata babu, wa pili bibi, wa tatu hana kichwa kabisa. Mtawa Gregor Mendel alieleza kanuni hiyo mwaka 1866 kwa njegere alizozilima katika bustani ya nyumba yao ya watawa. Kwa hiyo hata mtu wa mlimani ambaye kabichi yake ya F1 imechanua, hana budi kurudi dukani.

Na duka si mara zote huwa salama. Mwaka mmoja shule yetu ilinunua pakiti kwa fedha za mavuno yote ya mchicha, tukapanda kitalu kizuri, tukamwagilia siku 14. Haikuota hata moja. Mbegu ilikuwa mfu. Watoto 60 walikula ugali bila mboga ya bustani yao mpaka mvua zilipokuja. Hapo tulielewa swali la mama kwa tumbo, si kwa kichwa tu. Mtu ambaye mbegu yake iko mikononi mwa mwingine, mwaka wake pia uko mikononi mwa mwingine.

Je, hakuna njia? Iko, na ilikuwa ikichanua hatua 20 tu kutoka kabichi zile 10. Ni figiri, ile mboga ya majani ambayo watu wa Arusha huiita loshuu. Majina ya sokoni huchanganyika, na wengine huiita figiri kila mboga iliyo kali. Tunayoisema hapa ni ile ya kwetu Afrika, yenye jani pana lenye mawimbi na maua ya manjano hafifu. Kabichi zilipokuwa zikingoja baridi, figiri ilikuwa imekwisha chanua, nyuki wamejaa, na maganda yamejaa punje. Haikungoja baridi wala dawa.

Historia yake ni ya ajabu, na ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Ndani ya kila chembe ya mwili wa mmea mna nyuzi ndogo sana zichukuazo urithi, ziitwazo kromosomu. Kila mzazi humpa mtoto fungu moja. Haradali nyeusi hutoa 8. Kabichi hutoa 9. Mboga tuiitayo chainizi hutoa 10. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja huko Japani, jina lake U Nagaharu, alionyesha ya kuwa mimea mingine mitatu ya ukoo huu ni watoto wa hao watatu. Nane na 10 ni 18: hiyo ni haradali ya Bara Hindi. Tisa na 10 ni 19: hiyo ni rapa, ambayo leo hutoa mafuta ya kanola. Na 8 na 9 ni 17: hiyo ndiyo figiri yetu. Hakukisia kwa hesabu tu. Aliioza kabichi na jamaa ya chainizi kwa mkono wake, akaipata rapa upya.

Basi hapo kale, katika pande za Ethiopia, haradali nyeusi ilipata chavua ya mmea wa ukoo wa kabichi, na mtoto badala ya kuwa tasa alizichukua hesabu zote mbili, za mama na za baba, akawa jamaa mpya. Wataalamu wamepima na kuona ya kuwa mama ni haradali, baba ni upande wa kabichi. Tulipomweleza mama yetu jambo hili, alicheka kwa furaha. Kwa Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru, ukoo hufuata mama. Akasema: "Kumbe figiri ni mtu wa ukoo wa haradali! Kabichi ni baba yake tu. Ndiyo maana amezaa huku na baba yake hawezi." Hatukuweza kulisema vizuri zaidi.

Ndoa za namna hiyo si rahisi. Mrusi mmoja, Georgii Karpechenko, mwaka 1928 alitangaza ya kuwa ameioza kabichi na figili ya mzizi. Alitamani mmea mmoja wenye kichwa juu na kiazi chini. Mmea aliupata, tena ukazaa, lakini haukuwa na kichwa cha kabichi wala kiazi cha figili. Naye mwenyewe hakuachwa amalize kazi, kwa maana serikali ya nchi yake ilimkamata na kumwua mwaka 1941. Yaliyofanyika Ethiopia bila mwalimu, mwalimu hakuweza kuyaiga apendavyo.

Lakini habari za yule U ndizo hasa zilizotugusa. Alizaliwa Japani mwaka 1898. Mama yake alikuwa Mjapani. Baba yake Mkorea aliyekimbia siasa za kwao, akauawa mwaka 1903 mtoto angali mdogo. Alikua katika umaskini. Korea wakati huo ilikuja kutawaliwa na Japani, na mbegu nyingi za mboga za Wakorea zilitoka Japani. Utawala ule ulipokwisha mwaka 1945, njia ya mbegu ilikatika. Watu walikuwa huru, lakini hawakuwa na mbegu ya kabichi yao ndefu wala ya figili, nazo ndizo wazitiazo chumvi na pilipili kufanya kimchi, kitoweo cha kila siku katika kila nyumba.

Wakorea walimwita U, na mwaka 1950 akaenda, akamwacha mkewe na watoto Japani. Miezi michache baadaye vita vikazuka. Katika vita na baada yake alikuza mbegu bora za kabichi na figili ndani ya nchi, akawafundisha vijana kazi hiyo. Mama yake alipofariki Japani mwaka 1953, hakuruhusiwa kwenda kumzika. Alikufa mwaka 1959 akiwa kazini. Aliyegundua hesabu ya 8 na 9 na 10 angaliweza kukaa na sifa zake. Yeye alichagua kuwapa watu maskini mbegu yao wenyewe.

Tusidhani ya kuwa figiri ni mboga ya watu wasio na kitu. Majani yake, yakikatwa na kupikwa muda mfupi kwa karanga au tui, ni kitoweo cha heshima kwa ugali. Wapishi wasiyachemshe mno, wala wasimwage maji yake, maana vitamini hupotea humo. Kabichi nayo ina sifa yake ambayo figiri haina: hukaa siku nyingi bila kuharibika, husafiri, huuzika mjini. Wajerumani huikata nyembamba na kuichachua kwa chumvi, ikakaa miezi. Na mbegu ya figiri ina mafuta mengi. Mwaka 2012 huko Kanada ndege iliruka kwa mafuta yaliyotengenezwa kwa mbegu za mmea huu, bila kuchanganywa na mafuta ya taa ya kawaida ya ndege. Mboga ambayo mtoto wa Mikumi huikataa sahanini imepaa angani!

Basi tushauri nini? Hatusemi mtu aache kabichi. Alimaye mabondeni kwa kuuza, na alime, lakini anunue mbegu mahali panapoaminika, aangalie tarehe na alama ya ukaguzi ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu ambayo makao yake yako Morogoro. Kisha apande kidogo kwanza ajaribu uotaji, asifanye kama tulivyofanya sisi. Apendaye sukuma wiki ajue ya kuwa ipo namna itoayo vichipukizi ubavuni, navyo hukatwa na kupandwa kama matembele, pasipo mbegu.

Lakini kila nyumba na iwe na tuta moja la figiri la mbegu. Chagua miche 20 au zaidi iliyo mizuri, yenye majani mapana na isiyoharakisha kuchanua. Itie alama kwa kitambaa, uwakataze watoto kuichuma. Isiwe karibu na haradali nyingine iliyochanua, ili nyuki wasichanganye. Maganda yakigeuka rangi ya majani makavu, kata asubuhi na mapema kungali na umande, yasipasuke. Yaanike kivulini, uyapige, upepete, uweke mbegu katika chupa kavu yenye kifuniko, na juu yake uandike mwezi na mwaka. Mpe jirani naye aweke. Chupa moja yaweza kupotea. Chupa 10 katika nyumba 10 hazipotei pamoja. Mbegu ya kuuza ina sheria zake, na atakaye kuuza amwulize bwana shamba. Hii tuisemayo ni akiba ya nyumbani.

Leo treni ya umeme, tangu mwaka 2024, yapita Kilosa kwa mwendo ambao wapagazi wa zamani wasingaliuamini, na malori ya Iringa hayapungui barabarani. Biashara ya kabichi itaendelea kukua, na bei ya pakiti itaendelea kuamuliwa mbali nasi. Hayo hatuwezi kuyazuia. Twaweza kuamua tu ni kitu gani kitakachokuwa ndani ya chupa iliyo juu ya dari ya jiko.

Yule mama bado huuza kabichi Mikumi. Lakini muhula uliofuata alikuja shuleni na chupa ndogo, nusu imejaa punje za kahawia, na karatasi imebandikwa kwa ugali: FIGIRI, na mwezi na mwaka, kwa mwandiko wa mtoto wake. Akasema: "Mwalimu, hizi ni za shule. Zangu zipo nyumbani." Tulizipanda. Zimeota zote, au karibu zote, na mwaka huu watoto ndio watakaojaza chupa.